Roma Sebuleni kwa Ondieki

Ondieki alikuwa na nyumba ya nguzo nne nyeupe, lakini hakuwa na lango. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi, na kwa ajili ya hilo aliwaita wazee wawili Jumapili moja alasiri, akachinja jogoo, akawakalisha kwenye makochi ambayo bado yalikuwa na nailoni za dukani.

Mashamba ya Nyamira yanajulikana. Watu wanaongezeka na vilima ni vilevile, kwa hiyo baba akigawa shamba anakata vitepe, kuanzia barabarani juu ya kilima kuteremka hadi mtoni. Baba yake Ondieki alikuwa na utepe mmoja na wana wawili, akaukata katikati. Onyiego, kifungua mimba, akapewa kipande cha juu kinachopakana na barabara. Ondieki akapewa cha chini, chenye majani chai na udongo wa kushiba. Siku hizo hakuna aliyeota gari katika boma lile, na Ondieki alijua moyoni kwamba amepata nyama na kaka yake kaachiwa mifupa. Alichekelea kimyakimya. Mwache acheke, ujana ni moshi.

Miaka ikaenda. Ondieki akafungua duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, likashika. Akajenga huko chini nyumba ambayo watu wa ng'ambo ya mto walisimamisha majembe kuitazama: ghorofa moja, madirisha mapana, na mbele zile nguzo ambazo fundi alimwambia waziwazi kuwa hazikushikilia kitu chochote. Ondieki alizitaka hivyohivyo. Malori ya mchanga na mawe yalipita juu ya kipande cha kaka yake kufika huko, na hakuna aliyeyazuia, kwa sababu Onyiego alikuwa kaburini, palepale ubavuni pa nyumba yake, na nyumba yenyewe ilikuwa imekwisha kuanguka.

Lakini lori likipita, watu hufumba macho. Lango la chuma halifumbiwi macho. Chifu atauliza limesimama kwenye shamba la nani, na barabara ya gari imechongwa kwa nani. Kwa hiyo gari la Ondieki lililala sokoni kwa watu, na yeye, tajiri mzima na tumbo lake mbele, aliteremka kwa miguu kwenye kijia kinachokatiza uani kwa marehemu, akirukaruka madimbwi, viatu mkononi mvua ikinyesha. Alitaka kipande cha juu kiwe chake, basi. Ramani ya lango alikuwa nayo tayari. Hata kaburi la kaka yake alikuwa amelipangia: matofali ya kabro yangelizunguka vizuri, marehemu alale mahali pa kuonekana.

Kilichobaki kilikuwa Bitutu, mjane wa Onyiego. Yeye alikuwa akiuza nguo za mitumba soko la Daraja Mbili na kupanga chumba huko Kiogoro, na watoto wake walikuwa wamekulia hukohuko. Ondieki alimtafutia ploti Nyamarambe, karibu na soko, abadilishane naye. Mbali kidogo, ndiyo, tena si kidogo, lakini ploti ni ploti. Wazee wa ukoo wakikubali kwamba Bitutu alihama kwa hiari yake na shamba limekaa bure, chifu hangekuwa na neno.

Alihama kwa hiari yake. Maneno hayo Ondieki alikuwa ameyasema mara nyingi hata yakamkaa mdomoni kama jina lake mwenyewe. Mambo yalikuwa hivi. Mwaka mmoja baada ya mazishi, alimwendea shemeji yake akamwambia mabati ya nyumba yameoza kwa kutu, atayashusha, amwezekee mapya kutoka dukani. Bitutu alimshukuru. Mabati yakashushwa. Na mtu apewe haki yake: siku ile Ondieki alikusudia kweli kuleta mapya. Lakini dukani mambo yalikaza, halafu akanunua ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, na ng'ombe akahitaji banda, na yale mabati ya zamani, alipoyaangalia vizuri, wala hayakuwa yameoza sana. Akayaezekea banda na kuyapaka rangi nyekundu. Kule juu mvua ikanyesha. Kuta za udongo zikalowa, zikatepeta, zikaanguka upande wa jikoni kwanza. Siku moja Ondieki akapita akakuta Bitutu hayupo. Hakumfukuza. Nani alimwona akimfukuza?

Sasa, ukutani sebuleni kulikuwa na picha. Hoteli moja ya zamani mjini ilipofunga milango iliuza vitu vyake vyote, vitanda, mapazia, hata vijiko, na Ondieki akatoka na picha kubwa ya rangi ya mafuta, fremu yake ya dhahabu dhahabu, pana kama mlango uliolazwa. Nani aliichora hakuna aliyejua. Ilionyesha nchi ya zamani wakati wa machweo: miti mirefu upande mmoja, ziwa katikati, vilima vya buluu mbali kabisa, na mbele jengo la mawe lililokwisha kubomoka, nguzo zake nyingine zimesimama na nyingine zimelala kwenye nyasi. Nguzo ndizo zilizomnunulisha Ondieki. Aliona ni dada za nguzo zake. Mkewe Phanice, mwanamke mwenye akili za nyumbani, alimuuliza mtu anawezaje kuhamia nyumba mpya akatundika ukutani nyumba iliyoanguka. Ondieki akamwambia hiyo inaitwa sanaa, na ya kwake ni kuchagua mapazia.

Jumapili ile wazee walifika kwa wakati. Mmoja alikuwa Ongeri, mzee wa ukoo na wa kanisa la Wasabato, mtu wa maneno machache na suti moja. Mwingine alikuwa Mzee Mogire, mdogo wa baba yao Ondieki, ambaye siku za karibuni alikuwa ametolewa mtoto wa jicho na tangu hapo akawa mzigo kwa kila mtu, kwa sababu alitazama kila kitu. Alisoma pakiti za majani chai kwa sauti. Aliwaonyesha wanawake mawe kwenye mchele. Alimwambia mchungaji, mbele ya watu, kwamba kumbe ana kovu shavuni. Walimvumilia, mtu aliyekaa gizani miaka ana haki ya kutazama.

Bitutu alikuja mwisho, na mkungu wa ndizi mbivu kichwani, kwa sababu mtu haendi mikono mitupu hata anapokwenda kunyang'anywa. Alikaa kiti cha mbao kando ya mlango, ubavu kwa wazee. Mkamwana hakai uso kwa uso na baba mkwe, na Mogire alikuwa baba mkwe wake sawa na yule aliyekufa. Heshima hiyo Wakisii huiita chinsoni, nayo ndiyo iliyomfunga Bitutu mdomo miaka yote ile. Mwanamke asimame mbele ya baba mkwe amshtaki shemeji yake? Aanzie wapi? Ondieki alilijua hilo vizuri sana. Alilitegemea.

Wakala. Ongeri akaomba. Kisha Ondieki akasimama akasema yake, taratibu, kama mtu anayemwaga maziwa bila kutaka kudondosha hata tone. Alisema anampenda shemeji yake. Alieleza uchungu wa kuiona nyumba ya kaka yake ikiwa kichuguu, mboga za chinsaga zikijiotea mahali palipokuwa jiko. Akaeleza ploti ya Nyamarambe, maji yalivyo karibu, soko lilivyo karibu. Akamaliza kwa kusema kwamba aliyehama kwa hiari yake hawezi kuacha shamba likilia peke yake, na kwamba hata Onyiego mwenyewe, mahali alipo, angekubali.

Ongeri akaitikia kwa kichwa polepole. Akamuuliza Bitutu kama ana neno. Bitutu akasema, akitazama sakafu, kwamba anasikiliza kwanza. Ondieki akapumua. Aliona lango lake limesimama, jeusi, lina mikuki juu.

Basi wakangoja chai ya mwisho, ndipo wazee watoe kauli. Na hapo Mzee Mogire, aliyekuwa ameitazama ile picha tangu kipaja cha jogoo, akaweka fimbo chini, akainuka, akaenda kusimama mbele yake, pua karibu iguse rangi.

"Humu mna watu," akasema.

Ondieki alikuwa nayo picha ile miezi mingi na hakuwa ameona mtu hata mmoja. Akaenda kutazama. Kweli, watu walikuwamo, wadogo wadogo, mkubwa wao kama kidole gumba. Mwanamke amejitwika mzigo kichwani. Wanaume wawili wamekaa juu ya nguzo iliyoanguka, mmoja ananyoosha mkono kama anayeeleza jambo. Na mbele kidogo, mtu anaswaga mbuzi kupitia kwenye mlango wa jengo, ambao haukuwa tena mlango wa kitu.

Mogire akataka kujua hapo ni kwa nani. Kwa sababu hilo, alisema, ni ritongo, na neno hilo hakuna Mkisii asiyelijua: ni mahali palipokuwa na boma la watu, nyumba ikaanguka, udongo ukabaki na jina lao. Ritongo halikosi mwenyewe. Kesi za mashamba alizosikiliza maisha yake yote zilikuwa za hilo tu: ni nani aliyelala hapa kwanza, na huyu anayechunga mbuzi juu yake leo ni wa nyumba ile au ni mwizi? Sasa hawa wadogo hawa ni akina nani?

Hakuwa na hila yoyote, mzee wa watu. Aliuliza kama alivyouliza kuhusu pakiti za majani chai. Lakini Ondieki alifurahi. Mtu aliyeacha shule darasa la saba hapati nafasi nyingi za kuwafundisha wazee, na habari za picha ile alikuwa amezitafuta kwenye simu siku alipoinunua, ili wageni wakiuliza asikose la kusema. Akawaambia ni Roma ya kale. Ongeri akauliza, Roma ile ya Danieli, ya miguu ya chuma? Hiyohiyo, akasema Ondieki, na Ongeri naye akainuka kuja kuona. Hata Bitutu akageuza shingo.

Ondieki akasimama pembeni ya fremu kama mwalimu. Akawaeleza wafalme, majeshi, barabara za mawe. Hao wadogo, akasema, ni wazao wa wenye jengo, hawana tena kitu, wamebaki kuchunga mbuzi kwenye utukufu wa babu zao. Mogire akasikitika kwa dhati. Akapitisha kidole hewani juu ya zile kuta nene, akasema jambo moja halimwingii akilini. Mvua ya namna gani inaangusha mawe haya?

"Si mvua, Baba," Ondieki akasema, na sauti yake ilikuwa imenenepa kwa raha. "Walioharibu ni watu wa hapohapo, wakubwa wa mji. Walianza na paa. Lilikuwa la shaba, wakalishusha wakaenda kulitumia kwao. Nyumba hata iwe ya mawe, ikishatolewa paa haina siku nyingi."

"Na wenyewe?" Mogire akauliza.

"Wenyewe walitawanyika. Wangekaa wapi?"

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, na wahenga hawakuwahi kumwona Ondieki. Neno la mwisho lilikuwa bado hewani alipolisikia mwenyewe. Alisikia jingine nalo, chupa ya chai ikiwekwa mezani kwa kishindo: Phanice alikuwa mlangoni pa jikoni, anamtazama. Ondieki alijiambia kwamba hakuna aliyeelewa, ni Roma tu, ni picha tu. Wazee wenyewe walikuwa bado wanawatazama mbuzi.

Ndipo Bitutu akasema. Hakumtazama Mogire, heshima yake ilikuwa palepale. Alizungumza na kile kiwanja cha sakafu kati ya miguu yake na meza. Sauti haikupanda.

"Mimi sikuhama, Baba. Niliezuliwa."

Ongeri akarudi kukaa. Mogire akageuka kutoka kwenye picha. Wakamwambia aseme, na kwa kuwa wao ndio waliomwambia, hakuwa tena amevunja chinsoni. Akasema. Shemeji yake alimwambia mabati yameoza. Aliyashusha mchana, majirani wakisaidia, na yeye Bitutu akawapikia. Akaambiwa mapya yanakuja. Aliweka turubai juu ya kitanda cha watoto akangoja. Kila gari lililosimama barabarani alitoka nje kutazama kama ni mabati. Mvua ilipoingia kweli kweli aliwasogeza watoto kona hadi kona, mwisho kona zikaisha. Hakumshtaki mtu kwa sababu aliona aibu, na kwa sababu mume wake alipokuwa anakata roho alimwambia asihangaike, Ondieki yupo.

Hilo la mwisho Ondieki hakuwahi kulisikia. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, majibu yake yamepangwa kama misumari dukani, yote ya mabati na shamba. Alimkumbuka Onyiego amembeba mabegani kuvuka mto wakati wa mafuriko, na akaona aibu, aibu ya kweli.

"Mabati yako wapi?" Ongeri akamuuliza.

Angeweza kusema uongo. Alilipima hilo, tusimsingizie utakatifu. Lakini Mzee Mogire alikuwa amekwisha kuokota fimbo, yuko tayari kwenda kutazama, na bati lililoezekwa mara mbili hata likipakwa rangi lina matundu ya misumari pasipo na msumari. Macho mapya yangeyaona yote.

"Yako kwa ng'ombe," akasema.

Kauli ya wazee haikuchukua muda. Shamba la juu lilikuwa la Onyiego na sasa ni la mwanawe Ronny, na mama yake analishika. Nyumba iliyoangushwa kwa ahadi ya Ondieki itainuliwa na mkono wa Ondieki, kwa matofali, kwa mabati ambayo hayajamlalia ng'ombe. Ploti ya Nyamarambe akae nayo. Ondieki akauliza, je, lango. Ongeri akamtazama kana kwamba ameuliza habari za mwezini.

"Njia inaombwa kwa mwenye boma," akasema, akafunga kikao kwa sala fupi.

Nyumba ilijengwa. Ondieki hakuthubutu kupunguza saruji, kwa sababu Mzee Mogire alikuja kila asubuhi kuhesabu mistari ya matofali, kisha akateremka sebuleni kuwajulia hali watu wake wadogo. Phanice alimpa chai palepale chini ya picha. Mji mzima ulipata habari, na pale dukani wateja wa mabati wakawa na kicheko fulani ambacho Ondieki alijifanya hakioni.

Bitutu alihamia kabla ya mvua za vuli. Alifyeka kaburi la mumewe, akapalilia chinsaga, akafuga kuku, akaendelea kwenda Daraja Mbili siku za soko. Kuhusu lango hakuna aliyemuuliza. Ondieki alijiandaa mara nyingi, alifika hadi kwenye mgomba wa kwanza, akarudi. Gari likaendelea kulala sokoni. Kwa kuwa kijia cha kwake kilikatiza palepale mbele ya mlango mpya, alianza kuzunguka kwa shamba la jirani, akiteleza kwenye mtaro, hadi jirani naye akaweka ua wa michongoma.

Basi jioni moja, mvua inanyesha, hakuwa na pa kupita. Alisimama pembeni ya uwanja wa kaka yake, maji yanamtiririka shingoni, mwenye nyumba ya nguzo nne, akapiga hodi. Akapiga tena. Bitutu akafungua mlango, mwiko mkononi, nyuma yake taa imewaka na bati linapigwa na mvua kwa sauti ile ambayo mtu aliye ndani huipenda.

"Unapiga hodi kupita njia, shemeji?"

Ondieki alisema ndiyo. Alikuwa na maneno mengine aliyoyabeba tangu Jumapili ile, na hapo, kwenye matope, akayatoa. Akasema amemkosea yeye, amemkosea na Onyiego, na hajui pa kuanzia.

Bitutu hakusema amemsamehe. Alisogea kidogo kutoka mlangoni.

"Ingia kwanza," akasema. "Unalowa."

Ondieki alitazama nyumba yake kule chini, taa zote zimewashwa, kisha akainama akavua viatu. Aliingia, akakaa kwenye kigoda karibu na moto, na kwa muda mrefu alishindwa kuinua macho kutazama paa.